Mkono wa Kinyozi Hauchoki

Kwako Dada yangu mkubwa, mwalimu wa watoto wa watu, na wangu mimi pia,

Pokea salamu zangu, nyingi kama nywele ninazozoa sakafuni kila jioni, na hizo ni nyingi kweli, kwa sababu siku hizi wateja wanapanga foleni hadi nje kwa jirani yangu muuza viatu. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Goti lako vipi? Lile la kushoto lililokuwa likikutesa kwenye ngazi za shule, bado linalia au limenyamaza? Na Shemeji, bado anakoroma mpaka vikombe vinacheza kabatini? Mwambie namsalimu, na kwamba kichwa chake nakikumbuka: kina bonde pale kisogoni, na kinyozi asiyelijua atamwachia kichaka. Wapwa wangu nawasalimu kwa umri, mkubwa kwanza, ingawa nadhani mdogo sasa ananipita urefu. Mimi sijambo. Afya ninayo, na meno yote ninayo isipokuwa lile moja nililoliacha kule kwenye malori, na hiyo hadithi unaijua.

Usishangae kupata barua. Najua dunia imehamia kwenye simu, lakini simu ina haraka, na mimi nikiishika hubwabwaja. Kalamu inanipunguza mwendo. Mwandiko unisamehe. Darasa la saba niliingia kwa mlango nikatoka kwa dirisha. Ukiona kosa lipige mstari kwa wino mwekundu kama kawaida yako, ila usitoe alama kabla hujafika mwisho.

Binamu yetu dereva amenifikishia ujumbe wako. Alikuja kunyolewa Jumanne, nikamfunga kitambaa shingoni, na nilipoanza tu kupitisha mashine akasema ametumwa. Akaapa haongezi wala hapunguzi. Eti ulimwambia: kamuulize yule mtu, aliacha au alitumia akili? Dada, mashine ilitoka njia. Binamu ana barabara kichwani mpaka leo, anatembea na kofia. Miaka minne tangu tumzike Mama hujaniletea hata neno, na la kwanza ndilo hilo. Yule mtu. Sawa. Hata hiyo nimeipokea kwa mikono miwili.

Najua kwa nini umeuliza hivyo. Hukuuliza habari za lile shindano la runinga. Shule niliiacha. Kwa fundi seremala nilikopelekwa na Mama nikaacha na stuli ikiwa na miguu miwili. Malori nikaacha. Mke niliacha, au yeye ndiye aliyeniacha, tuseme tulitoka sare. Na Mama alipolazwa, tukapangiana zamu za kukaa naye, siku ya tano nikaacha kiti changu nikasema nina safari, na siku ya tisa akafariki, mimi sipo. Kwa hiyo ukiuliza kama niliacha, unauliza kama mimi nimebaki yule yule. Nimekuelewa. Ndiyo maana nimetumia siku tatu na kalamu mbili kukujibu.

Binamu anasema uliangalia kipindi chote ukiwa umesimama mlangoni pa sebule, unajifanya unakunja nguo. Lakini runinga inaonyesha vipande, mimi nikupe jora zima.

Tuliingia jumba lile watu kumi na wawili, majuma nane, kamera mpaka juu ya jokofu. Kila juma kuna mtihani na kila juma mtu anatolewa. Nisijisifu, lakini nikinyamaza nitakuwa mwongo: nilikuwa chumvi ya nyumba ile. Niliwasimulia habari za mipaka mitatu niliyovuka na malori, nikawasalimu kwa lugha tano, na katika hizo mbili naweza pia kutukana. Wakanibatiza jina Redio. Wanaume wote niliwanyoa mimi, hadi mtangazaji, yule mwenye meno meupe kuliko shati, alikuja siku moja kwa mlango wa nyuma nimrekebishe ndevu. Nimeshika kichwa cha waziri mimi, nitashindwa kidevu cha mtangazaji?

Juma la saba tukabaki watatu. Mimi, Baunsa, jitu lenye kifua kama mlango wa ghala, mlinzi wa kumbi za muziki, mchokozi, ambaye nusu ya watazamaji walikuwa hawampendi, na fundi cherehani, mama mmoja mpole mwenye watoto wawili, ambaye kila asubuhi alikuwa ananiachia kikombe cha mwisho cha chai huku akijifanya hana hamu. Mtihani wa juma hilo ndio huo uliouona. Vibanda vitatu vya mbao vilivyopakwa rangi nyeupe, kila mtu na chake, huoni mwenzako. Ndani hakuna kitu ila taa na mpini unaoning'inia juu ya kichwa. Unaushika kwa mkono mmoja. Ukiuachia, taa inazimika, umetoka. Atakayebaki wa mwisho anaingia fainali moja kwa moja, na wale wawili walioachia watapigiwa kura na watazamaji, mmoja amfuate.

Nilipousikia mtihani wenyewe nilicheka mpaka nikashika ukuta. Dada, kazi yangu ni nini? Kinyozi anasimama na mkono juu ya bega tangu asubuhi mpaka jua linazama, na kichwani mwa mtu hakuna pa kuegemea. Nikawaambia wenzangu waage kabisa. Baunsa akajibu kwamba mkono wangu ni kama kijiti cha kuchokolea meno. Nikamwambia kijiti hakibebi nyama, na ile nyama yake yote ya begani, akiinyanyua, itamwelemea mwenyewe. Fundi cherehani alicheka, halafu akafunga macho akasali.

Tulianza saa mbili asubuhi. Niliachia saa tisa na robo mchana. Uliniona nikitoa meno kwenye kamera nikisema nimewaachia, gawaneni. Nusu saa baadaye Baunsa naye akaachia, fundi cherehani akashinda. Na hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa.

Hapa kibandani kwangu kuna mabenchi mawili ya wateja wanaosubiri, na sasa yamekuwa bunge. Benchi la dirishani ni la wanaosema nilitumia akili. Kiongozi wao muuza viatu, anaeleza mpaka mate yanaruka: eti nilijua Baunsa hatakaa muda mrefu, nikamwacha yule mama ashinde, nikijua mimi na Baunsa tukipelekwa kwenye kura, nani atampigia Baunsa? Ningepita, na fainali ningekutana na mama mpole asiyejua kujitetea. Mpango safi, kilichouharibu ni machozi ya Baunsa. Maana Baunsa alipoachia akamsikia mama yake kwenye skrini, jitu zima likapiga magoti na kulia kamasi, na nchi nzima ikalia naye, ikampigia kura yeye. Mimi nikarudishwa nyumbani na begi langu. Benchi la mlangoni ni la wanaosema niliacha tu. Wao wanaongozwa na mzee mmoja mstaafu wa posta, mwenye nywele kumi na mbili lakini kila wiki anakuja zipunguzwe. Huyo anasema mdomo ukiwa mkubwa hivi, mkono hauwezi kuwa na nguvu, kwa sababu mwili ni mmoja na chakula ni kile kile. Wakiniuliza mwenyewe, nacheka nawaambia hiyo siri ya jikoni, kinyozi hajinyoi. Wanapiga makofi. Redio, Redio.

Halafu wanakwenda makwao. Nafagia, nachemsha vifaa, nafunika mashine. Kibanda changu kina vioo viwili vinavyotazamana, na nikikaa kwenye kiti cha katikati najiona niko wengi, foleni nzima ya mimi mpaka mbali huko, na katika umati wote ule hakuna hata mmoja wa kuulizana naye habari za leo. Zamani nilikuwa naujaza ule upweke kwa kuwasha mashine tu, isikike ikivuma. Usicheke. Au cheka, mimi ni mtu wa kuchekwa.

Kuna na jibu la tatu, na hili ndilo linaloniumiza. Fundi cherehani, ambaye ndiye aliyeibuka mshindi wa yote, anaamini nilimpisha. Siku moja tulipokuwa tunaosha vyombo aliniambia ndoto yake, kuwa na karakana ya kushona sare za shule, awafundishe na wasichana wengine kazi. Sasa ameunganisha mwenyewe: nilisikia ndoto, nikaachia mpini. Jumamosi hii kuna kipindi cha kuwarudisha washiriki wote jukwaani, na amenipigia kuniomba nisikose, kwa sababu anataka kusimama mbele ya kamera aseme kwamba amepata kaka. Alilitamka hivyo, kaka, mara tatu katika mazungumzo mafupi. Na mimi Dada, kwa kuitwa kaka, karibu nilikubali kila kitu. Nilimwambia tutaonana Jumamosi. Sikukataa, wala sikusema ndiyo. Nikakata simu, nikaketi kwenye kiti cha wateja.

Sasa nije kwenye jibu, maana nimezunguka kama mteja anayeogopa wembe.

Sikuachia kwa kuchoka. Mkono ulikuwa mzima, ningekaa mpaka waje waniombe nitoke wafunge milango. Wala haikuwa akili, hiyo akili anayonipa muuza viatu sina. Na fundi cherehani sikumpisha. Namtakia kila la heri, lakini saa ile nilikuwa hata simkumbuki.

Kila saa ikitimia, sauti ya mtangazaji ilikuwa inaingia kibandani ikituambia maneno yale yale: kuna ujumbe wako kutoka nyumbani, ukiachia mpini utausikia, ukishinda hutausikia kamwe. Ulikuwa mtego, nikaujua ni mtego. Saa ya kwanza nikacheka. Saa ya pili nikamhurumia Baunsa, nikajua ana mama. Saa ya nne nikaanza kujiuliza, kama ni wewe, ungeanza vipi. Nikaona ungeanza kwa kugomba: shati gani hilo umevaa mbele ya watu. Saa ya sita nilikusikia kabisa ukikohoa kile kikohozi chako kidogo kabla ya kuita majina darasani. Saa ya saba nikajiambia, haya, nishinde, niingie fainali, nchi nzima inipigie makofi, halafu niishi miaka yangu yote iliyobaki bila kujua Dada alisema nini. Vidole vikafunguka. Nikatabasamu kwenye kamera kwa sababu nilidhani unaniangalia.

Kilichofuata hawakukionyesha. Niliwaomba wasikionyeshe.

Walinipeleka kwenye chumba chenye kiti kimoja na skrini kubwa. Skrini ilikuwa imezimwa. Alikuwapo mama mmoja wa ofisini kwao, yeye ndiye aliyetunza mafaili yetu, na alilishika la kwangu kama mtu aliyeshika sahani ya moto. Akaniomba nikae. Akasema samahani kabla sijajua ya nini. Akaeleza kwamba juma lile la kwanza kabisa walipiga simu nyumbani kwa kila mshiriki kuomba ujumbe, na kwa upande wangu waliipiga namba niliyoandika asubuhi, wakaipiga mchana, wakaipiga na siku ya pili, inaita haipokelewi. Siku ya tatu mtu mmoja aliyekuwa anapita akasikia inaitia humo humo ofisini, ndani ya kabati walimofungia simu zetu sote tulipoingia. Ilikuwa simu yangu mwenyewe, laini yangu ya pili. Wakaogopa kuniuliza, wakaona mtihani wenyewe utavuja. Halafu wakajipa moyo, kwa sababu ofisi nzima ilikuwa inasema yule kinyozi hataachia, mkono wa kinyozi hauchoki, kwa hiyo hatutalazimika kumwambia kitu.

Nilimwambia nilikosea, nilichanganya laini. Akaandika hivyo kwenye faili. Akaniletea maji.

Sikukosea, Dada. Ile fomu ilikuwa na mahali pameandikwa mtu wako wa karibu, jina, uhusiano na namba ya simu. Jina nikaandika lako, kwa herufi nzuri. Uhusiano nikaandika dada. Namba yako naijua kwa moyo, hujawahi kuibadilisha, naweza kuisema nikiwa usingizini. Kalamu ikasimama. Nilikumbuka siku ya mazishi, pale getini, uliponiambia kwamba kuanzia leo mtu akikuuliza habari zangu utasema hunijui. Basi nikaona hawa watu watakupigia, watakuuliza, nawe ni mtu wa kutimiza neno lako, utasema. Halafu watakuja kuniambia. Simu inayoita bila kupokelewa haijamkana mtu. Nikaandika ya kwangu.

Najua utauliza, sasa kama uliandika ya kwako, ulitegemea ujumbe utoke wapi? Ndiyo ujinga wenyewe. Namba ya kituo ilikuwa inapita chini ya skrini kila siku. Nilijiambia umeniona, umekasirika, umepiga mwenyewe. Saa saba ndani ya kibanda cheupe, mtu anaamini mengi.

Na kwa kuwa nimeshavua shati, nivue na viatu. Ile safari niliyokuambia wakati wa Mama haikuwapo. Hakukuwa na bwana harusi wa kunyolewa mji wa pili, niliitunga. Siku ile ya tano wewe ulikuwa umekwenda kuoga na kubadili nguo. Mimi nilikuwa namchana Mama nywele, taratibu, si unajua zilivyokuwa zimebaki laini kama za mtoto. Akafungua macho, akanitazama kwenye uso, akamuuliza muuguzi ni nani huyu mwanaume anayenishika kichwa. Muuguzi akacheka kwa wema, akamwambia bibi, huyu si kitinda mimba wako? Mama akanitazama tena, vizuri, bila haraka. Akasema hapana, kitinda mimba wangu ni mdogo, yuko shuleni, mwambieni huyu bwana atoke.

Nikatoka. Nilikaa stendi ya mabasi siku mbili, nakunywa chai, nawachekesha mawakala. Sikupanda basi lolote. Halafu nikaona haya kurudi, na kila siku iliyoongezeka haya nayo ikaongezeka. Najua ulikuwa ugonjwa ndio uliokuwa ukisema. Hata mimi angekuja mteja na habari hiyo ningemwambia hivyo hivyo, na ningempunguzia bei. Lakini ulinifukuza kwa sababu niliacha kiti, na mpaka leo hujui kwamba nilikuwa nimeshafukuzwa kabla yako.

Kwa hiyo ukiniuliza niliacha au nilitumia akili, wewe ndiye mwalimu, sahihisha mwenyewe. Ijumaa nitakwenda kwa fundi cherehani, nimwambie nyumbani kwake kabla ya kamera, asije akaaibika mbele ya watu kwa kunishukuru kitu ambacho sikumpa. Lile neno kaka atalichukua au ataliacha, ni lake. Na Jumamosi nikiulizwa jukwaani nitasema niliachia, basi. Mzee wa posta atanunulia benchi zima soda.

Sikuombi uje, wala sikuombi unipigie. Nina swali moja tu, na ukipenda mpe Binamu jibu, kwa maana amezoea kubeba. Lau ningeandika namba yako kwenye ile fomu, na yule mama wa mafaili akakupigia asubuhi ukiwa unajiandaa kwenda shule, akakuambia kuna kinyozi mmoja hapa, anaongea sana, je, unamjua? Ungemwambia nini?

Jibu lolote lile nitalipokea nikiwa nimeketi.

Msalimie Shemeji, na wapwa wangu uwaambie mjomba wao yupo. Goti lako ulikande kwa maji ya moto na chumvi, na ngazi za shule upande kwa mguu mzima kwanza. Karatasi imekwisha, nageuza pembeni ili nipate pa kutia jina.

Ni mimi ndugu yako,
kitinda mimba wa Mama.